"Permission denied": jinsi ruhusa za mafaili kwenye server ya ofisi yetu Mwanza zilivyowamalizia akina mama samaki wao

Wakuu, poleni na majukumu.

Leo naandika nikiwa na hasira, nawaambia mapema. Hiki kisa nimekipitia mimi mwenyewe, nimekaa nacho kifuani kwa muda, na sijaongeza chumvi hata chembe. Majina nimebadilisha, ofisi sitaitaja hata mkinifuata PM. Wanaonijua watanijua tu.

Ni kirefu. Mwenye haraka zake apite, tutaonana kwenye uzi mwingine.

Mimi ni mwanamke, mchambuzi wa data kwenye mradi mmoja wa utafiti wa maji ya Ziwa Victoria. Ofisi yetu iko Pasiansi, mimi naishi Buswelu.

Mradi wetu kwa kifupi unasaidia wafugaji wa samaki wa vizimba. Kwa wasiojua, kizimba ni wavu mkubwa umefungwa kwenye fremu yenye maboya, unaelea ziwani, ndani yake unafuga sato. Unawalisha mpaka wakue, unawavuna.

Sasa kuna siku ziwa linabadilika. Upepo unavuma kwa namna fulani, maji ya chini yasiyo na hewa yanapanda juu. Samaki wa kawaida anakimbia zake. Wa kwenye kizimba anakimbilia wapi? Anafia humo humo. Asubuhi mfugaji anaamka anakuta kizimba kizima kimegeuka cheupe.

Ndiyo maana mradi ukaweka sensor za kupima oksijeni pale kwenye vizimba. Sensor zinatuma vipimo kwa mtandao wa simu, vinapokelewa na kompyuta moja ya nje, server yetu inavivuta, halafu kuna program ya kisayansi inakokotoa mwelekeo wa oksijeni, upepo na joto la maji. Ikiona hali inaelekea kubaya, wafugaji wanatumiwa meseji. Mfugaji anaacha kulisha, anavuna wakubwa, au anaita mitumbwi wanakivuta kizimba kwenda kwenye maji yanayotembea.

Ni kitu kizuri sana wakuu. Kimeshaokoa watu. Sisemi mradi ni mbovu. Nasema WATU.

Hiyo program aliifunga, yaani ali-install, jamaa mmoja nitamwita Erasto. Kijana mzuri, anajua kazi, ila aliweka kila kitu kwenye akaunti yake binafsi ndani ya server. Akapata nafasi ya kwenda kusoma nje, tukamuaga kwa soda na keki, akaondoka. Hakuna aliyejiuliza vitu vyake viko wapi.

Kisha server ya zamani ikaanza kukwama kwama. Ofisi ikaleta mpya. Mtu wa IT, nitamwita Masalu, akahamisha mafaili yote kutoka kule kuja huku. Akatangaza kazi imeisha, tukampigia makofi.

Program haikuwaka.

Bosi wetu, nitamwita Dokta, akaniita ofisini kwake.

"Erasto hayupo. Wewe ndiye unayejua mambo haya. Install upya, ni kazi ya asubuhi moja."

Nikasema sawa Dokta.

Nikaingia kwenye server, nikaenda kwenye folder la Erasto. Nikabonyeza enter.

Permission denied.

Ngoja niwaeleze wasio wa fani. Kwenye Linux, mfumo unaoendesha server yetu, kila faili lina mwenyewe. Kuna mwenye faili, kuna kundi lake, halafu kuna watu wengine wote. Kila mmoja anaweza kupewa au kunyimwa vitu vitatu: kusoma, kuandika, na kuliendesha kama program. Kwa folder, hiyo ya tatu ndiyo ruhusa ya kuingia ndani. Ukinyimwa, unaishia mlangoni.

Sasa mafaili ya Erasto yalihamishwa, ila Erasto mwenyewe hakutengenezewa akaunti kwenye server mpya. Kwa hiyo ukiangalia mwenye mafaili, unaona namba tu, jina hakuna. Mali ya mtu ambaye hayupo, na amefunga.

Hilo ni tatizo dogo sana. Mtu mwenye nguvu za admin, yaani msimamizi wa server, anaandika mstari mmoja, umiliki unahamia kwa mtu mwingine, maisha yanaendelea. Nikamfuata Masalu.

"Kaka, naomba unibadilishie umiliki wa lile folder. Au niwekee folder jipya nifunge program upya mwenyewe."

Hata hakugeuka. "Nyie watu wa maabara mkipewa ruhusa mnaharibu."

"Basi ifunge wewe, mimi nitakaa pembeni nikuelekeze."

"Nitaangalia."

Wakuu, hiyo "nitaangalia" iliniumiza. Kila nikipita asubuhi, nitaangalia. Jumatatu yuko na printer ya uhasibu. Jumatano yuko na wifi ya mkurugenzi. Wiki iliyofuata akaenda semina Dodoma, na password ya admin akaenda nayo. Nikimpigia simu anasema yuko ukumbini.

Nikarudi kwa Dokta. Nikamwambia mfumo wa meseji umezimika, haufanyi kazi KABISA, na wafugaji hawajui.

Akaniambia, nanukuu kama alivyosema: "Usiwe na wasiwasi, viongozi wa vikundi nimeshawaambia."

Nikamuuliza, "Wote, Dokta?"

"Wote. Nimewaambia waangalie wenyewe mpaka tutakapowataarifu."

Nikashusha pumzi. Nikajua angalau watu wako macho. Naomba muikumbuke hiyo kauli, maana tutairudia.

Masalu akarudi kutoka Dodoma. Nadhani Dokta alimsukuma kidogo, maana siku hiyo alikuja mwenyewe mezani kwangu, anatabasamu.

"Nimekumalizia. Nimefungua kila kitu. Usinisumbue tena."

Nikamuuliza amefunguaje.

"777."

Wenye fani najua mmeshashika vichwa. Kwa wengine: 777 maana yake kila mtu kwenye server anaruhusiwa kufanya kila kitu kwenye hilo faili. Kusoma, kuandika, kuendesha. Na jamaa hakuifanya kwenye folder moja. Aliipiga kwenye diski nzima ya data na kwenye akaunti za watumiaji wote, na mafaili yote ndani yake.

Ni sawa na mpangaji mmoja amepoteza ufunguo wa chumba chake, wewe unakuja unang'oa milango ya nyumba nzima halafu unadai pongezi.

Kilichofuata: hata ile njia ya kuvuta vipimo vya sensor ikafa. Server yetu inaingia kwenye ile kompyuta ya kupokelea kwa kutumia faili la siri, tuliite ufunguo. Mfumo umetengenezwa na watu wenye akili: ukikuta ufunguo wa siri unaweza kusomwa na kila mtu, unaukataa. Unakuambia kabisa, ruhusa za ufunguo huu ziko wazi mno, siutumii. Kwa hiyo vipimo vikawa vinarundikana kule nje, huku haviingii.

Na mimi nikashindwa hata kuingia kwenye akaunti yangu nikiwa mezani kwangu, kwa sababu hiyo hiyo. Ikabidi niende kwenye chumba cha server nikae kwenye ile keyboard iliyokatika herufi.

Nikasema haya, angalau nijaribu kuifunga program. Nikaiendesha.

Permission denied.

Nikaangalia ruhusa. 777. Kila mtu anaruhusiwa kila kitu. Na bado imekataa.

Nikamuita Masalu aje aone. Akasimama nyuma yangu, mikono mfukoni, akacheka.

"Ruhusa zote unazo. Hapo tatizo ni lako dada. Labda hiyo program huijui."

Akaondoka. Na mbaya zaidi, mchana kwenye chakula nikamsikia anawasimulia wenzake, "Nimemfungulia mpaka milango ya mbinguni na bado anashindwa kuingia." Wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika sahani yangu ya wali maharage pale pale. Nikaenda kula kwenye ngazi.

Basi nikiwa katikati ya hayo, asubuhi moja simu ikaita.

Alikuwa Mama Nyangeta. Huyu ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafugaji ng'ambo ya Kamanga, upande wa Sengerema. Mzaliwa wa Mara huko, Mjita, kaolewa huku. Mume alishafariki. Nilikuwa nimeshaenda kwao mara nyingi kufundisha namna ya kusoma zile meseji, na ana tabia ya kuniita mwanangu.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Akasema, "Njoo."

"Kuna nini mama?"

"Njoo uone."

Nikachukua bodaboda mpaka kivukoni, nikavuka. Kutoka kule tunaposhukia mpaka kwenye vizimba vyao ni mwendo kidogo, ila harufu ilinipokea kabla sijaona kitu.

Wakuu, sijui nieleze vipi. Vizimba vyao vyote vilikuwa vimejaa matumbo meupe. Sato wakubwa kabisa, waliobakiza muda mfupi wavunwe, wanaelea chali wamebanana kama wamepangwa. Korongo wamejaa ufukweni wamesimama kama wageni wa msiba. Akina mama wako kwenye mtumbwi wanachota samaki kwa beseni wanamwaga kwenye viroba, hakuna anayeongea. Mmoja alikuwa anachota huku analia, hafuti machozi, anaendelea kuchota.

Wachuuzi walishafika wakaangalia wakaondoka. Samaki aliyekufa hivyo hauziki.

Mama Nyangeta alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtumbwi uliovutwa mchangani. Amefunga kanga kiunoni, magoti yamelowa.

"Meseji haikuja," akaniambia.

Nikakaa mchangani mbele yake.

"Simu nalala nayo hapa." Akapiga kifua. "Jana jioni maji niliyaona rangi yake siyo. Binti yangu akasema mama tuwaite watu wa mitumbwi tuvute. Nikamwambia hapana, wangekuwa wameshatutumia. Hawa watu hawajawahi kutukosea. Nikalala."

Nikamwambia, "Mama, lakini Dokta si aliwaambia kwamba mfumo umezimika? Kwamba muangalie wenyewe?"

Akaniangalia.

"Dokta gani?"

"Dokta wetu. Alisema amewaambia viongozi wote."

"Mwanangu, mimi ndiye kiongozi. Nani kaniambia?"

Nikampigia mwenyekiti wa kikundi kingine, kile cha vijana. Naye hakuambiwa. Nikampigia wa tatu. Akaniuliza, "Kwani umezimika?"

Hapo ndipo hasira ilinishika, na mpaka leo haijatoka.

Maana jamani, server kuharibika ni kawaida. Program kugoma ni kawaida, mimi nalala na kuamka na program zinazogoma. Lakini kumwambia mtu "mfumo wetu haufanyi kazi, jiangalie mwenyewe" kunahitaji nini? Kunahitaji vocha. Yule mama aliona maji kwa macho yake, alijua, binti yake alijua. Kilichomfanya alale ni imani kwetu. Kama asingetufahamu kabisa, samaki wake wangekuwa hai.

Nilibaki nao nikawasaidia kuchota mpaka mgongo ukakataa. Hawakuniomba, na hakuna aliyenishukuru. Walikuwa sahihi.

Siku iliyofuata kukawa na kikao ofisini. Dokta akafungua kwa sala fupi ya kuwaombea wafugaji. Kisha akasema tutaandika ripoti kwamba ni "tukio la asili ambalo halikuweza kutabirika", na kwamba mfumo ulikuwa na "changamoto ndogo za kiufundi upande wa mchambuzi".

Upande wa mchambuzi. Yaani mimi.

Mimi ni mtu mpole wakuu, wanaonijua watasema. Nimelelewa mkubwa akiongea unanyamaza. Lakini siku hiyo nilisimama.

"Dokta, shikamoo tena. Naomba uniambie mbele ya wote hapa, ni kiongozi gani wa kikundi ulimwambia mfumo umezimika?"

Dokta akageuza karatasi zake.

"Hayo tutazungumza baadaye," akasema.

"Tuzungumze sasa. Mimi nimetoka kuchota mizoga. Mama Nyangeta hakuambiwa. Wa vijana hakuambiwa. Uliniambia WOTE."

Masalu akadakia, "Dada, usihamishe mada, ruhusa nilikupa, ukashindwa kazi."

Nikamgeukia. "Nipe nguvu za admin kwenye hiyo server kuanzia sasa hivi, ukae pembeni yangu uone kama ni mimi niliyeshindwa kazi. Nikishindwa naandika barua ya kuacha kazi leo leo."

Nadhani Dokta alitaka tu nitoke mle ndani. Akasema, "Masalu, mpe huyo binti anachotaka."

Sasa hii sehemu ni ya wale waliokwama kama mimi, someni taratibu.

Kitu cha kwanza nilichoangalia ni kwa nini 777 inakataa. Nikaandika amri ya "mount", ile inayoonyesha diski zilivyounganishwa kwenye server. Diski ya data, ambako Masalu aliyaweka mafaili ya Erasto, ikatokea na neno moja pembeni yake: noexec.

Noexec maana yake diski hii ni ya kuhifadhi tu, hakuna program itakayoendeshwa kutoka humu. Hata faili ulipe 777, hata uwe admin mwenyewe. Ni uamuzi wa diski nzima, uko juu ya ruhusa za faili. Na ni Masalu aliyeiunganisha hivyo siku ya kuhamisha. Wala si vibaya, ni usalama mzuri kwa diski ya data. Ila alisahau. Aliniambia sijui kazi yangu kwa kitu alichokiweka yeye.

Nikamuonyesha kwa kidole kwenye kioo. Akasoma. Akasema, "Aah, hiyo ni default." Si kweli, haikuja yenyewe, alikuwa ameiandika kwa mkono wake kwenye fstab, lile faili la kuunganisha diski, na mstari wake nikamuonyesha pia. Akatoka kwenda kupokea simu ambayo sikuisikia ikiita.

Sikuiondoa hiyo noexec. Data ikae kwenye diski ya data, program nikaihamishia /opt, kwenye diski ya mfumo, mahali ambapo program zinatakiwa kukaa. Vitu viwili tofauti, nyumba mbili tofauti.

Kisha nikaanza kusafisha ile 777. Nikatengeneza kundi linaitwa maabara, nikatuingiza tunaohusika. Umiliki wa mafaili ya Erasto nikautoa kwenye ile namba ya mzimu nikaupeleka kwenye akaunti ya mradi na kundi la maabara, kwa amri ya chown. Akaunti ya mradi, siyo ya mtu. Mtu anaondoka, mradi unabaki.

Ruhusa msizipige kwa mkupuo mmoja kwa mafaili na mafolder. Folder bila ile ruhusa ya tatu haliingiliki, na faili la kawaida halitakiwi kuwa nayo. Mimi nilitumia amri ya find: mafolder yote nikayapa ruhusa 2775, mafaili yote 664 (mwenyewe na kundi wanaandika, wengine wanasoma tu), halafu zile program chache tu ndiyo nikazirudishia uwezo wa kuendeshwa. Ile 2 ya mwanzo kwenye folder inafanya kila faili jipya litakalozaliwa humo lirithi kundi la maabara, ili kesho mwenzako asikwame kwa kitu ulichoandika wewe.

Akaunti za watu nikazifunga upya, kila mtu na ya kwake. Folder la funguo za siri 700, ufunguo wenyewe 600. Mwenyewe tu, basi.

Halafu nikafunga program upya kwa akaunti ya kawaida ya mradi, bila sudo, ile amri ya kufanya kazi kwa nguvu za admin. Ukifunga kwa sudo, mafaili yanazaliwa yakiwa mali ya admin, na kesho unaanza kulia upya.

Ikawaka. Kabla ya chakula cha mchana ilikuwa imewaka. Dokta alikuwa sahihi tangu mwanzo, ni kazi ya asubuhi moja. Wiki zote zile, samaki wote wale, kwa kazi ya asubuhi moja.

Sikufurahi hata kidogo, na nitawaambia kwa nini.

Ufunguo ulipokubaliwa, vile vipimo vilivyokuwa vimerundikana kule nje vikaanza kuingia. Sensor hazikuwahi kulala. Zilikuwa zinapima na kutuma muda wote. Program ikaanza kukokotoa kuanzia pale ilipoachia, siku baada ya siku, na mimi nimekaa naangalia mchoro wa rangi za hatari ukijichora kwenye kioo.

Kizimba cha Mama Nyangeta. Kijani. Kijani. Njano. Halafu nyekundu.

Nyekundu ilikuja siku mbili kabla samaki hawajafa. Siku mbili! Muda wa kuvuta vizimba vyote na kubaki na nafasi ya kunywa chai.

Niliweka kichwa kwenye meza. Nilipoinuka nikachapisha ule mchoro nikaupeleka kwa Dokta, nikauweka mbele yake.

Akautazama. Nilidhani atasema kitu cha kibinadamu.

"Hii isitoke nje ya ofisi," akasema. "Na ile ripoti inahitaji sahihi yako."

"Ile ya halikuweza kutabirika?"

"Fikiria mkataba wako, mama."

Sikusaini. Kesho yake nilivuka tena na kivuko. Nikawakusanya wale akina mama nikawaambia ukweli wote, kuanzia server mpaka nyekundu. Sikuwaficha kitu.

Mama Nyangeta alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atanitukana. Akasema tu, "Asante kwa kutotuita wajinga." Kisha akauliza, "Ofisi yenu iko wapi?"

Walikuja wanne, wamevaa nguo za kanisani. Wakapanda ngazi, wakapita kwa sekretari aliyekuwa anawaambia Dokta ana mgeni, wakaingia, wakakaa. Mimi niliitwa kutafsiri mambo ya kitaalamu. Hakukuwa na cha kutafsiri.

Mama Nyangeta alimsalimia Dokta vizuri kabisa, akamuulizia na familia. Halafu akasema:

"Dokta, sisi hatukudai samaki. Samaki wamekufa. Tumekuja kuuliza, ulimwambia nani?"

Dokta akaanza habari za changamoto za mawasiliano na upungufu wa wafanyakazi.

"Nani, baba? Taja jina, tukamuulize kwa nini hakutufikishia."

Dokta akaangalia meza yake.

"Kwa hiyo hakuna," akasema yule mama. "Haya. Ungesema hamjui. Ningekesha kwenye mtumbwi. Mimi kukesha naweza."

Wakainuka wakaondoka. Chai iliyoletwa hawakuigusa.

Kilichotokea baada ya hapo: ripoti ilibadilishwa, lile neno "halikuweza kutabirika" likatoka, na jina langu likatoka kwenye lawama. Mradi umewapa vifaranga wa sato wa kuanzia kwenye kizimba kimoja. Kimoja. Akina mama wawili wameshaacha kikundi, mmoja amerudi kulima pamba kwa wazazi wake. Masalu yupo, tukikutana kwenye korido anaangalia simu. Dokta bado ni Dokta.

Mfumo nimeubadilisha. Sasa unatuma meseji kila asubuhi hata kama hali ni nzuri. Asubuhi meseji isipofika, mfugaji ajue sisi ndio tumekufa, aangalie maji yake mwenyewe.

Nilichojifunza wakuu, kwa wale wa fani: ukiona permission denied usikimbilie kufungua kila kitu. Uliza faili ni la nani, liko kwenye diski gani, na nani kweli anahitaji kuingia. Kazi za taasisi zisikae kwenye akaunti ya mtu. Na mtu wa IT anayejivunia kunyima watu ruhusa halindi kitu, analinda kiti chake.

Kwa wasio wa fani: kitu kikizimika, SEMA. Usimwachie mtu anayekuamini alale usingizi wa bure.

Sasa nilipo leo ndiyo sababu ya uzi huu. Mkataba wangu unaisha, na mpya uko mezani. Una kipengele kimoja kipya: mawasiliano yote na wafugaji yapitie kwa Dokta.

Nikikataa, naondoka, na yule mwenye password atakuwa Masalu tena. Nikikubali, siku mfumo ukizima nitatakiwa kukaa kimya mpaka Dokta "awaambie".

Nimeongea na mume wangu, yeye anasema saini kwanza, watoto wanasoma. Mama Nyangeta sijamwambia, najua atakachosema na sitaki kumpa mzigo mwingine.

Nisaini au nisisaini? Mliowahi kubanwa hivi kazini mseme mlifanyaje. Msinionee huruma mimi, nina mshahara mwisho wa mwezi. Nipeni akili tu, jibu linatakiwa Ijumaa.